Kwani Huna Pa Kwenda?

Mara ya tatu nilipoteremka kwenye feri upande wa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mama muuza njugu alinitambua.

Alikuwa amekaa juu ya debe kando ya mteremko, sinia mapajani, njugu zimefungwa kwenye karatasi za madaftari ya shule zilizosokotwa kama pembe. Mara ya kwanza nilinunua za shilingi kumi. Mara ya pili alinitazama tu. Mara ya tatu, nilipogeuka na kujiunga tena na umati wa wanaorudi kisiwani, uvumilivu ukamwisha.

"We mwanangu, mbona wavuka warudi, wavuka warudi? Kwani huna pa kwenda?"

Watu wawili watatu wakacheka. Nami nikacheka, kicheko cha mtu aliyefumaniwa, nikamjibu kwamba naenda mjini. Akatazama begi langu dogo, chupa ya maji na kofia vimechomoza, akasema "Haya," kwa ile sauti ambayo mtu wa Pwani akiitoa ujue hajakuamini hata kidogo.

Wiki sita zimepita, na bado namjibu kichwani.

## Orodha nyuma ya risiti

Mambo yalianza kwa ukata na wivu. Ukata unajulikana. Wivu ni wa wageni: mtu anatoka Kisumu kwa siku tatu, anarudi kwao na picha za sehemu ambazo mimi nimezipita kwa matatu miaka ishirini nikiwa nimeinamia simu. Nikaamua kwamba Agosti yote, kila Jumamosi, nitatoka nyumbani Bombolulu niende mahali, na siku isinigharimu zaidi ya shilingi mia tano, nauli na chakula humo humo.

Nikaandika orodha nyuma ya risiti ya duka. Feri ikawa ya kwanza kwa sababu moja tu: magari hulipa, mwenda kwa miguu havuki kwa pesa.

Na ukiweka haraka kando, sijui kitu kingine cha bure mjini kinachokuonyesha mengi kiasi kile. Upande mmoja winchi za bandari zimesimama kama twiga wanaokunywa maji. Upande wa pili mdomo wa bahari, na mibuyu ya Mama Ngina juu ya mwamba. Meli kubwa ikiingia, vivuko husubiri ipite. Inapita mbele yako kama ghorofa lililong'oka mahali pake, na ule umati uliokuwa unakanyagana dakika moja nyuma unanyamaza wote, unatazama juu. Kilindini: penye kilindi. Jina liliwekwa na watu waliojua kina cha maji yale kabla ya winchi yoyote, na kina hicho ndicho kilichovuta meli kubwa upande huu wa kisiwa, Bandari ya Kale ikaachiwa majahazi.

Lakini nilipanda saa ngapi? Hapo ndipo penye mwiba.

Nilipanda saa moja na nusu asubuhi. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu laki tatu wanaovuka pale kwa siku, na naapa nusu yao walikuwa nami. Nilikuwa nimejishikia nafasi ubavuni, penye upepo na mandhari. Nyuma yangu palikuwa na fundi na ndoo yake ya zana, mama na mtoto mgongoni, kijana aliyekumbatia trei tano za mayai kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mkopo. Wao walikuwa wanavuka. Mimi nilikuwa natazama watu wanavyovuka.

Na mara tatu.

Shangazi yangu, ambaye tunakaa pamoja, hapandi feri bila kusoma dua, na ubavuni hasogei. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilizama ndani ya mlango uleule wa bahari, wakafa watu 272. Alikuwa na marafiki ng'ambo ile. Nilipomwambia kwamba nimevuka mara tatu kujifurahisha, aliacha kuchambua mchicha. Akanitazama. Hakusema neno, akaendelea kuchambua.

## Kutembea ni kwa mtu

Nimejaribu kulitafutia swali la yule mama jibu la Kiswahili safi, nikakwama.

Ningesema nimekuja kutembea? Kutembea kwetu ni kwenda kwa mtu. Ukisema umekuja kutembea, maana yake kuna nyumba, kuna mlango, kuna mwenyeji wa kukuambia karibu na kukusogezea kiti, nawe hukuja mikono mitupu. Anayetembea bila mtu upande wa pili ana jina lake jingine: anazurura. Na kuzurura, hasa kwa mwanamke, si neno ninalotaka shangazi alisikie likitajwa pamoja na jina langu.

Ningesema natalii? Hapo ndipo kichekesho. Mombasa inakula utalii. Jirani yangu wa kushoto ni mpishi hotelini, wa kulia hutandika vitanda, na mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliendesha mashua yenye kioo chini, akipeleka wageni kutazama matumbawe mpaka macho yake yakaharibiwa na mng'ao wa maji. Utalii tunaujua kutokea jikoni na kutokea kwenye usukani. Ni kazi. Mtu wa mtaani kwetu akiniambia "leo natalii," nitamuuliza wanalipa ngapi.

Limebaki moja, na ni zuri kweli: kupunga upepo.

Hilo halina ubishi. Baada ya alasiri, jua limepoa, watoto mbele, mabuibui yanapepea, mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu, mabuyu mekundu yanayotia watoto rangi mpaka masikioni. Lakini nako kupunga upepo kuna kanuni ambazo hakuna aliyeziandika. Ni jioni. Mko wengi. Ni pahali panapojulikana, Lighthouse au Pirates. Mwanamke peke yake, saa moja na nusu asubuhi, kivukoni, hapungi upepo. Ana lake jambo.

Nadhani hilo ndilo aliloniuliza mama wa njugu, kwa adabu.

## Shangazi na Ngome

Jumamosi ya pili niliamini nimepata dawa: nitakwenda na mtu. Nikamwalika shangazi twende Fort Jesus. Nimekaa Mombasa umri wangu wote, na mara ya mwisho kuingia mle nilikuwa darasa la sita.

Alivaa buibui jipya. Tuktuk ikatushusha langoni, nikasoma ubao wa bei, ambapo mwananchi hulipa sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni wa mbali, nikafurahi, nikatoa simu nilipe. Akanishika mkono.

"Mimi sitoi pesa kuingia jela."

Nikadhani anatania. Nikamtazama usoni, nikaona hatanii.

Ngome ile ilikuwa gereza tangu 1895 mpaka 1958. Vitabu hulitaja hilo kwa mstari mmoja, baada ya Wareno na Waomani na kabla ya makumbusho. Kwa shangazi, mstari huo ndio ngome nzima. Baba yake, yaani babu yangu, alifungwa mle miezi miwili. Kwa kosa gani hasemi, na langoni pale sikuona kama ni pahali pa kuuliza. Yeye alikuwa mtoto wa miaka minane. Anachokumbuka ni kuja na mamake, bakuli limefungwa kwa kitambaa, na kusubiri chini ya ukuta mpaka kivuli kiwahame.

"Ukuta ule," akanionyesha kwa kidevu. "Asubuhi kivuli kiko huku. Mchana huna pa kukaa."

Nilisimama na simu mkononi kama mjinga. Nilikuwa nimejiandaa, jamani. Nilikuwa nimesoma usiku kucha habari za Santo António de Tanná, ile meli ya vita ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira, na vitu vilivyoopolewa humo. Nilijua kwamba kuzingirwa kule kulianza Machi 1696 na ngome haikuanguka mpaka Desemba 1698. Nilitaka kumwonyesha mifupa ya nyangumi na michoro ya mabaharia. Nilikuwa na kitu kitamu zaidi nimekiweka mwisho: kwamba neno gereza lenyewe limetoka kwa Wareno, kwenye igreja, maana yake kanisa.

Sasa hilo ningemwambia mtu ambaye gereza kwake ni bakuli la wali uliopoa?

Hatukuingia. Tukageuka upande wa pili, Mji wa Kale, ambako hakuna lango wala tiketi. Hapo nilipata mtembezaji ambaye sijapata kumwona na simfikirii kumpata tena. Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ni wa mwaka 1570, aliupita kwa salamu tu. Ndia Kuu yote aliisoma kwa majina: hapa kwa bibi fulani aliyekuwa akishona kofia, hapa palikuwa na harusi siku saba, mlango huu usiuone hivi, zamani ulikuwa na njumu zake zote. Akisimama mbele ya kila nyumba sekunde chache, kama mtu anayengoja kufunguliwa. Nyumba nyingi sasa ni maduka ya vinyago na vikoi. Mwenye duka mmoja akamwambia "Jambo, welcome," shangazi akamjibu kwa Kimvita kirefu ambacho sitakiandika hapa.

Alikuwa anatembea, kwa maana yetu ile ya kwanza, na wenyeji wake karibu wote wamekwisha.

Tulikunywa kahawa chungu kwa kashata kando ya njia. Bajeti ilivunjika, kwa kuwa nauli ya tuktuk ilikuwa ya watu wawili na halua aliyonunua haikuwa kwenye mpango. Kwenye risiti nikaandika: Ngome, nje.

## Hodi

Jumamosi ya tatu nilikwenda peke yangu Jumba la Mtwana. Matatu mpaka Mtwapa, kisha bodaboda ya kuingia ndani kuelekea baharini. Nauli ya kwenda ilikuwa ndogo kuliko ya kurudi, na sababu ya makanga ni kwamba jioni imeingia. Mwenye hoja ya kushindana na hiyo anijulishe.

Huo ni mji uliojengwa karne ya 14, ukahamwa karne ya 15, kabla Wareno hawajaonekana. Jina lake la kwanza limepotea; hili la jumba la mtwana ni la watu waliokuja nyuma. Kuta ni za mawe ya matumbawe, mapaa yamekwenda zamani, mibuyu imejiotea inapotaka. Kando ya msikiti ulio karibu na maji kuna mawe ya kusugulia miguu kabla ya kuingia. Niliyatazama muda mrefu kuliko kitu kingine chochote siku ile. Mtu ametoka ufukweni na mchanga wake, anasugua, anaingia kuswali, na asiyekuwapo leo ni yeye tu. Karibu na hapo kuna kaburi lililochongwa aya isemayo kila nafsi itaonja mauti, na bahari iko palepale, inafanya kelele zake.

Kisha nikafika kwenye nyumba kubwa yenye milango mingi. Kizingiti kipo, mlango hakuna. Nikasimama. Mguu ulikataa kuvuka.

"Hodi," nikasema.

Sikukusudia. Mdomo ulifunguka wenyewe, kama unavyofunguka mbele ya kila kizingiti tangu nimepata akili.

"Karibuuu!"

Roho ilinitoka. Nyuma ya ukuta kikatokeza kichwa cha mzee mmoja mwenye ufagio wa njukuti, ameshika kiuno, anatabasamu kwa mapengo.

"Karibu mwanangu, ingia. Wenyewe hawapo, lakini ingia."

Nikaingia. Akaacha kufagia akanionyesha vyoo vya mawe, mahali pa maji, vyumba vya ndani walikokaa wanawake, na akaongea juu ya wenye nyumba kama watu waliosafiri juzi. Akaniuliza natokea wapi. Nikasema Bombolulu, nikingoja ashangae.

"Wa Bombolulu huja na shule, wakiwa wadogo," akasema. "Halafu basi."

Ndani ya matatu ya kurudi, nimebanwa dirishani na gunia la mtu, nikamfikiria tena mama wa njugu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia vingine. Kwetu mtu hamuulizi mgeni kama ana pa kwenda ili amcheke tu. Akishajibiwa kwamba hana, kinachofuata kinajulikana: basi kaa. Alikuwa na debe jingine pale kando, tupu, limegeuzwa juu chini. Nalikumbuka. Huenda nilikuwa naalikwa nami nikakimbilia kusema naenda mjini.

Au najipamba. Inawezekana alikuwa anacheka tu, na nilistahili.

Nimerudi Likoni mara mbili kumtafuta. Mahali pake pana kijana anauza chaja na nyaya za simu. Nikamuuliza mama wa njugu yuko wapi, akaniuliza yupi, kwa maana wako wengi.

## Kengele gani?

Jumamosi ya nne ilikuwa ya manyunyu na mfuko ulikuwa umekauka, kwa hiyo sikwenda mbali. Haller Park niliipima na mia tano yangu nikaiahirisha. Machimbo ya saruji yaliyogeuzwa msitu kwa mivinje yanastahili siku yenye pesa. Nikashuka Kengeleni.

Wangapi kati yetu tumeshuka Kengeleni? Makanga hulipigia kelele jina hilo kutwa. Mimi nimelisikia maelfu ya mara na sikuwahi kujiuliza kengele iko wapi. Ipo. Ni ya Freretown, makazi waliyowekwa watumwa walioachwa huru miaka ya 1870, na ilikuwa ikipigwa kuwaonya watu wakati maadui wa uhuru wao wanapokuja. Kuna watu waliokuwa wakilala usingizi wa nusu kwa ajili ya sauti ile. Leo ni jina la kituo, kati ya honi na wauza miwa.

Nilisimama naitazama, mvua inaniloa polepole. Makanga mmoja akanikaribia.

"Siz, unaenda? Mtwapa, Mtwapa, mbao."

"Hapana. Natazama kengele."

Akageuka kutazama ninakotazama. Akanigeukia tena.

"Kengele gani?"

## Saa nne asubuhi

Jumamosi ya mwisho nilimwambia shangazi twende tukapunge upepo Lighthouse, pale Mama Ngina. Alikubali kabla sijamaliza, kisha akasikia ni asubuhi, akauliza kama ninaumwa.

Mama Ngina asubuhi si Mama Ngina mnayoijua. Tangu ilipokarabatiwa mwaka 2019 wengi huifikiria kwa taa na makundi ya jioni. Saa nne, viti vilikuwa vitupu, karai za mihogo hazijawashwa moto, na aliyekuwapo ni mfagiaji, wapenzi wawili waliotoroka mahali fulani, na muuza madafu ambaye bado alikuwa anapanga. Nikanunua mawili. Tukakaa tukielekea bahari. Kulia kwetu, mbali kidogo, feri mbili zilikuwa zinapishana, zimejaa.

Shangazi akanywa dafu lake nusu, akajifuta mdomo kwa pembe ya mtandio, akatazama nyuma yetu, akatazama njia.

"Tunamngoja nani?"

"Hatumngoji mtu."

"Saa hizi?"

"Saa hizi."

Akanyamaza. Nikajua anatafuta neno, kama nilivyolitafuta mimi, na sikumsaidia kwa kuwa sinalo. Akavua kiatu kimoja, kisha cha pili, akaviweka sambamba chini ya kiti kama aliyeko nyumbani kwa mtu.

Kisha meli ikatokeza kushoto, ya makontena, imepandishwa juu kwa juu mpaka huoni nahodha anaonaje. Ilikuja karibu kiasi kwamba tuliona mtu juu yake amevaa kofia ya manjano, ameegemea chuma, anatutazama. Shangazi alimpungia. Yule akapunga. Shangazi akanyoosha kidole akaanza kuhesabu makontena kwa sauti, rangi kwa rangi, na alipofika arubaini na kitu yakamchanganya.

"Ngoja," akaiambia meli, akaanza tena, safari hii kutokea nyuma.